Asanteni kwa Kuja

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametuagiza tuandike shajara muhula mzima. Siku ikiwa haina kitu, tuandike kwamba haina kitu. Anasema hatasoma, atahesabu kurasa tu. Nimemwamini.

Leo niliitwa mara mbili kwenda darasa la pili.

Kuitwa kwangu ni hivi. Mtoto anakuja mbio mpaka mlangoni kwetu, darasa la saba, anasema, "Shikamoo mwalimu, Kinanda ameingia chini ya dawati." Mwalimu aliyepo ananitazama, nami nafunga daftari. Kinanda ni mdogo wangu, ana miaka saba. Jina hilo alimpa Baba kwa sababu anavuma kutwa, sauti moja nyembamba ya puani, kama kinanda ambacho mtu amesahau kukizima. Maneno anayo, ila machache, na huyatoa akitaka yeye. Akiogopa anaingia chini ya kitu. Mimi nikifika nalala kifudifudi sakafuni, nampa mkono, navuma naye mpaka sauti zetu zilingane. Halafu anatoka. Mwaka jana kulikuwa na dada mmoja wa kujitolea aliyekaa naye darasani, naye alijifunza kuvuma. Akaolewa, akahama. Tangu hapo ni mimi.

Nyuma yangu wenzangu walikuwa wakinakili sehemu za desimali.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna kitu. Mawingu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Madarasa yetu hayana dari, ni bati tupu, na ikinyesha sana mwalimu huacha kufundisha akaandika ubaoni tu. Kwetu sisi ni raha. Kwa Kinanda ni kama mtu anammwagia kokoto kichwani. Nilimkuta ameziba masikio, amekunja magoti, na mwalimu wake amesimama juu yake na chaki mkononi.

Mwalimu huyo watoto wanamwita Mwalimu Chaki, maana mikono ya nguo zake ni myeupe mpaka viwikoni. Alinifundisha na mimi darasa la pili. Ni mkali, na kila jioni ana jambo la kumsema Kinanda: leo hakuandika, leo alimsukuma mwenzake, leo alitoka nje. Simpendi. Naandika hapa kwa sababu hapasomwi.

Leo aliniambia, "Mwambie Mama na Baba, kuna kikao tarehe kumi na nane mwezi ujao. Kikao cha mpango wa masomo ya Kinanda. Anakuja afisa kutoka ofisi ya elimu."

Mama ni dobi wa hospitali. Anafua mashuka, na mikono yake ina harufu ya dawa ya kung'arishia hata siku ya mapumziko. Nilipomwambia alikaa kwenye kiti bila kuvua kanga ya kichwani iliyolowa.

"Kikao," akasema. "Kule shule ya kwanza pia walituita kikao. Wakatupa soda, wakatuambia tumtafutie pengine."

"Soda yenyewe ya moto," Baba akasema.

Hakuna aliyecheka.

Jumamosi, 16 Machi

Baba ni fundi cherehani, kibanda chake kiko ukutani mwa nyumba yetu. Watu humletea vitu vilivyochanika, naye huviziba mpaka mwenyewe asijue palichanika wapi. Leo alikuwa akiziba suruali ya sare ya mlinzi wa shule yetu, na Mama amesimama mlangoni.

"Huyo afisa atakaa naye muda gani?" Mama akauliza. "Saa moja? Hata saa moja haifiki. Saa moja tunaweza kumwandaa."

"Mtoto si suruali, mama watoto."

"Una wazo lingine?"

Baba akakanyaga cherehani. 

Kwa hiyo mimi ndiye mwalimu. Anasimama pale ninapomgusa bega mara mbili. Nikijikuna sikio, anakaa. Na maneno haya: "Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la pili. Asanteni kwa kuja." Akimaliza yote bila kukosea ninampa kifungo kutoka mkebe wa Baba. Anavipenda vifungo, hasa vya matundu manne.

Leo alipata kifungo kimoja. Kilikuwa cha kumbembeleza tu.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Niliitwa mara tatu.

Jumatano, 27 Machi

Amesema yote! Tena bila kuguswa. Alisema, kisha akanyoosha kiganja wazi, akingoja. Nilimpa kifungo cha bluu cha koti la mtu mkubwa. Mama alimbeba, akamzungusha chumba kizima, nami nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango uliokwama miaka mingi. Nikifaulu mtihani wa mwisho, nataka kuwa mwalimu. Sijamwambia mtu.

Kinachobaki ni kuvuma. Namfundisha kubana midomo.

Shuleni nilijisahau, nikamwambia Mwalimu Chaki kwamba tunamwandaa. Hakufurahi. Alifuta mikono kwenye gauni, akasema, "Mwambie Mama asimwandae. Aje alivyo."

Nilipeleka salamu. Mama alikuwa anapiga pasi. "Alivyo?" akasema. "Shule ya kwanza alikwenda alivyo, wakamrudisha alivyo. Huyo mwalimu wako amemchoka mwanangu, anataka na afisa aone sababu."

Mimi pia naona hivyo.

Jumatano, 3 Aprili

Mtihani wa majaribio, hesabu. Nilikuwa kwenye swali la kumi na tisa kati ya hamsini. Mvua ikapiga. Nikasikia mbio za yule mtoto kwenye kibaraza kabla hajafika, nikaweka kalamu chini mwenyewe.

Niliporudi karatasi zilikuwa zimekusanywa.

Jumanne, 9 Aprili

Mwalimu Chaki amekuja nyumbani, kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Mama alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti kizuri, chai, na kitambaa cha kufutia miguu. Nilijua hapo hapo kwamba hatasikilizwa. Mama akikuheshimu hivyo, amekwisha kufunga mlango.

"Mama Kinanda, nimekuja tuongee kuhusu kikao."

"Tutafika, mwalimu. Kwa wakati."

"Si kufika. Nataka tukubaliane tutakachosema, mimi na ninyi. Tusije tukavutana mbele ya mgeni."

"Sisi ni watu wa kawaida, mwalimu. Tutasema nini sisi? Kunywa chai, inapoa."

Kinanda alikuwa sakafuni akipanga vifungo kwa ukubwa. Alipomwona mgeni, akasimama wima. "Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la pili. Asanteni kwa kuja." Akanyoosha kiganja.

Mama akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mwalimu Chaki alimtazama Kinanda kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Hakumaliza chai.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua imekata tangu jana. Jua kali. Mama anasema hata mbingu ziko upande wetu. Baba amekunja upya pindo la sketi ya Kinanda na kuziba kwapa la blauzi. Nimetafuta palipochanika, sipaoni.

Alhamisi, 18 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ina meza moja ndefu, kabati la vikombe vya michezo na kalenda ya mwaka juzi. Tulikaa upande mmoja, Baba, Mama, mimi na Kinanda. Mama ndiye aliyeomba niwepo. Upande wa pili alikaa Mkuu, Mwalimu Chaki na Afisa. Nilitegemea mtu wa kutisha, kumbe ni mama wa makamo mwenye sauti ya pole na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba.

Nilimgusa bega mara mbili. Kinanda akasimama.

"Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la pili. Asanteni kwa kuja."

"Marahaba, mwanangu! Eh!" Afisa akavaa miwani amwone vizuri. "Mbona binti yuko vizuri hivi?"

Akamwambia ahesabu, akahesabu mpaka ishirini. Akamwambia afunge kamba za kiatu, akafunga. Hakuvuma hata mara moja. Mimi peke yangu nilijua kwa nini: midomo ilikuwa imebanwa mpaka imekuwa myeupe. Nikajikuna sikio, akakaa. Kifungo nikampa chini ya meza.

Ndipo Mwalimu Chaki akasema, "Mheshimiwa, darasani si hivi. Mvua ikinyesha anaingia chini ya dawati na hatoki. Siku nyingine anakimbilia nje. Nina watoto sitini na wawili, nikimfuata yeye nawaacha wale. Dada yake anatolewa kwenye masomo kila siku na ana mtihani mwaka huu. Nimeandika mara mbili kuomba, na leo naomba tena: apewe mtu wa kukaa naye, kama mwaka jana."

Apewe. Si aondolewe. Apewe.

Nilimtazama Mama nione kama amesikia. Nadhani alisikia. Lakini jibu lake alikuwa amelibeba mwezi mzima, likatoka lenyewe.

"Chini ya dawati? Mwanangu? Labda mwalimu anamchanganya na mtoto mwingine, kwa wingi huo wa watoto."

"Mama, mimi simchanganyi."

"Si mmemwona wenyewe hapa? Haya, dada yake huyu. Mwulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Mwalimu Chaki pia, na uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu anayejua shahidi wake amefika. Mama aliweka mikono juu ya magoti. Imechubuka ile mikono, kucha zimelika kwa dawa. Nilitazama mikono ile.

"Anakaa vizuri," nikasema. "Hasumbui mtu."

Afisa aliandika. Kisha akaeleza taratibu, bila ubaya wowote, kwamba wanaohitaji ni wengi na wasaidizi ni wachache, na akimpeleka msaidizi kwa mtoto anayejimudu hivi, amemnyima asiyejimudu. Aliwapongeza wazazi. Mkuu naye akasema kuanzia leo dada mtu asiitwe tena, abaki na masomo yake.

Mlangoni Mwalimu Chaki aliniambia, "Umemfundisha vizuri." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angesema kwa kejeli.

Nyumbani Baba alinunua soda. "Safari hii ya kwetu, tena baridi!" Mama aliimba akifua. Kinanda alivua viatu, akaingia uvunguni mwa kitanda na kuvuma mpaka jua likazama, kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi. Nilimwita. Hakutoka.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimesoma wiki nzima bila kuitwa. Nimeelewa desimali. Mvua imerudi, na mbio za yule mtoto sizisikii tena kibarazani. Naona aibu kuandika kwamba nimefurahi.

Alhamisi, 2 Mei

Kinanda alipotea leo.

Mvua ilianza wakati wa kipindi cha tatu, kubwa, ya kuzima sauti zote. Nilikuwa nafanya zoezi. Mara moja nilifikiri, sasa yuko chini ya dawati. Halafu nikafikiri, nimekatazwa. Nikaendelea kuandika.

Mlinzi ndiye aliyekuja mlangoni, analowa. "Mdogo wako ametoka getini. Nilikuwa nafunga dirisha, nimegeuka tu..." Mlinzi huyu hutania kila mtu; leo hakuwa na mzaha. Niliacha daftari wazi, nikakimbia.

Tulimtafuta nyuma ya vyoo, chini ya magari, chini ya meza za wauza mboga waliokwisha kukimbia. Nilikuwa navuma huku nakimbia, lakini mvua ilinimeza. Mwalimu Chaki alikuwa mbele yetu, amekunja gauni kiunoni. Ni yeye aliyesimama juu ya lile bomba la saruji linalopitisha maji chini ya barabara, akainama, akaingia. Maji ya tope yalimfika kiunoni. Mimi nilikuwa juu nimeshikwa mkono na mlinzi.

Alikaa mle muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha nikasikia, chini ya barabara, mtu mzima akivuma. Sauti nene, haina tuni, anakosea, anaanza tena. Kumbe siku zote nilipolala sakafuni darasani kwake alikuwa ananisikiliza.

Alitoka naye begani. Kinanda alikuwa hai. Midomo ilikuwa ya bluu, na bado ameibana.

Jumatatu, 6 Mei

Kinanda ana homa, hayuko shule. Hasemi lolote.

Jana nilimwambia Mama. Nilimwambia kwamba ni kweli kuhusu dawati, kila siku ya mvua, na kwamba hesabu ya majaribio niliiacha katikati. Nilidhani atanipiga. Alikuwa anafua gauni la Mwalimu Chaki, lile la tope. Alikuwa amemwomba ampe, akalileta nyumbani.

"Nilijua," akasema. Akasugua. "Unadhani sikujua? Mimi ndiye niliyekuambia ubane ulimi."

"Hukuniambia, Mama."

"Sikusema. Lakini nilikuambia."

Gauni lilikwisha kutakata, naye akaendelea kusugua. Chaki imetoka yote kwenye mikono. Sijawahi kuona rangi yake halisi: ni kijani.

Alhamisi, 9 Mei

Mama amelipeleka gauni lile mwenyewe, limepigwa pasi. Alikaa kwa Mwalimu Chaki mpaka chai ikaisha, mara mbili. Kesho watakwenda ofisi ya elimu, wawili, kwa pamoja. Baba akauliza wataanza kusema nini. "Tutaanza na samahani," Mama akasema, "halafu tutaona."

Jumanne, 14 Mei

Afisa amekuja tena. Mama hakunyoosha sare ya Kinanda wala hakunituma nimfundishe chochote. Asubuhi aliniambia tu, "Leo kaa juu ya mikono yako." Nilikaa juu yake kweli, ikafa ganzi.

Ofisi ile ile, kalenda ile ile. Mama alianza kabla ya kuulizwa. Hakumtazama Kinanda.

"Mwanangu hawezi kukaa darasani mvua ikinyesha. Hawezi kusema akiumwa. Hawezi kucheza na wenzake bila kuwasukuma. Hawezi kuvuka barabara. Mara ile nilikuja na mtoto niliyemtaka." Akakunja pindo la kanga. "Huyu hapa niliye naye."

Kinanda alikuwa ananing'iniza miguu. Sijui anasikia kiasi gani. Naogopa anasikia yote.

Afisa alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, nakuelewa," akasema. "Lakini kikao kimoja naambiwa hivi, kingine naambiwa vile. Nikiulizwa ofisini, nitasema niliamini kipi?"

Hapo tone la kwanza likapiga bati, na la pili, na yakaanguka yote.

Kinanda aliteleza kwenye kiti, akaingia chini ya meza ndefu, katikati ya viatu vyetu. Nilitaka kushuka. Mama akanishika goti. Kwa juu tulisikia mvua tu. Kisha kutoka chini ikaja sauti ndogo, ya haraka, inatetemeka:

"Shikamooni mimi ni mwanafunzi wa darasa la pili asanteni kwa kuja. Shikamooni mimi ni mwanafunzi wa darasa la pili asanteni kwa kuja. Asanteni kwa kuja. Asanteni kwa kuja."

Bila kupumua. Maneno yangu yote, katika mpangilio wangu, huku akilia. Niliyafundisha kwa ajili ya watu wa kuogopwa, na sasa ndiyo anayoyasema akiogopa.

Halafu ukatokea mkono ukingoni mwa meza, upande wa Afisa. Kiganja wazi.

Afisa aliutazama. "Anataka nini?"

"Kifungo," nikasema. "Akisema vizuri huwa nampa kifungo."

Nilikuwa sina. Hakuna aliyekuwa nacho. Kiganja kilibaki pale, wazi. Ndipo Baba akashika kifungo cha shati lake mwenyewe, cha juu, akakizungusha mpaka uzi ukakatika. Akanyoosha mkono juu ya meza, akakiweka.

Vidole vikafunga. Mwalimu Chaki alikuwa amekwisha kushuka sakafuni na gauni lake safi la kijani, anavuma.

Afisa alivua miwani. Hakuandika kitu mpaka mvua ilipopungua.

Ijumaa, 17 Mei

Shule zimefungwa. Jibu limefika: msaidizi yupo mmoja, anagawanywa na shule nyingine, atakuja siku tatu kwa wiki muhula ujao, wakimpata mapema. Siku mbili zinabaki zangu. Mwalimu Chaki amesema siku hizo mbili atanifundisha desimali mwenyewe, saa ya mapumziko.

Kinanda anavuma tena, chini chini. Yale maneno tumekubaliana nyumbani hakuna kumwomba ayaseme. Lakini leo ngurumo ilipiga, akaanza, "Shikamooni," na nikamwahi, nikalala sakafuni karibu yake. Ilichukua muda mrefu. Mwisho akaacha maneno katikati, akavuma.

Baba amekaa kibandani anaziba nguo za watu. Wateja wanamtania, fundi gani anatembea na shati wazi shingoni. Mkebe umejaa vifungo karibu na mguu wake. Hajashona kingine.